Kuteleza si Kwanguka

Winipegi, Januari, jua bado hulioni,
Baisikeli tayari, naiburura ngazini,
Mikate haisubiri, nangojewa tanurini,
Hasi thelathini leo, jokofu lina nafuu.

Suruali tatu nzima, na koti la marehemu,
Kioo kinanisema: "Kitunguu mwanadamu!"
Zipu nayo imegoma, vidole havina hamu,
Na nani atanimenya, nikihitaji msala?

Mtandio na kofia, chapeo juu, ni taji,
Miwani naivalia, ni ukungu na theluji,
Mbele nikiangalia, simjui mpitaji,
Jana nilimwamkia mzee, kumbe ni nguzo.

Kufuli nalo laganda, ufunguo washindana,
Mdomo nikaupinda, kupuliza, njia sina,
Chuma nacho kikapenda, tukabusiana sana,
Dakika sita za penzi, jirani akitazama.

Jirani, Bibi Olena, kashika birika lake,
Alicheka, akanena: "Huyo bwana aachike!"
Chai akamwaga sana, hadi domo libanduke,
Kufuli likabakia na ngozi, kama mahari.

Pembina, wala si Pemba, ndiyo njia ya kazini,
Theluji imeipamba, barafu imo tumboni,
Magari yanajigamba, nami nabana pembeni,
Wete kwetu hudhaniwa, ninalo gari la joto.

Lori la jiji lapita, chumvi laja kueneza,
Uso wote umepata, ng'onda limenigeuza,
Dereva ananiteta, honi aking'ang'aniza,
Barabara yakolea, mchuzi wao hauna!

Kope zimeshikamana, jicho moja ndilo zima,
Pua nayo, ya Rabana, mfereji wasimama,
Breki nazo si amana, nazibana, zanitema,
Mbele taa ni nyekundu, na mie sina habari.

Mama hunena simuni: "Kuteleza si kwanguka."
Hajafika Kanadani, yeye hajapeperuka,
Sekunde moja, yakini, hayo mawili hufika,
Tairi likanikana, nikazihesabu nyota.

Sikuanguka kwa siri, kituoni pana watu,
Nikapita kwa fahari, kwa tako, si kwa viatu,
Nikawapungia: "Heri!" Adabu ni jambo letu,
Mtoto akauliza: "Basi gani hilo, mama?"

Kijana akanishika, aninyanyue kwa pendo,
Papo hapo akashuka, tukawa wawili kando,
Mwingine akainuka, akaangukia rundo,
Wa nne akafikiri, akatupiga picha tu.

Baisikeli kwa mbali, ikenda safari yake,
Ikavuka taa mbili, haingoji niinuke,
Ikasimama mahali, theluji iifunike,
Na mbio za barafuni huishia matakoni.

Nani huyo anipita, taratibu, hana shida?
Bi Olena, anavuta, themanini na ziada,
Misumari kaikita viatuni, ndiyo ada,
Kwa miguu kanishinda, mimi mwenye gurudumu.

Kazini ndipo nafika, nimechelewa kwa saa,
Bi Ligaya akacheka, nyusi zangu zikang'aa,
Maji yakamiminika, tanurini nikikaa,
Sakafu ya duka lake, sasa samaki wafugwe.

Begi nikalifungua, kumbe mandazi ni mawe,
Chungwa nililochukua, kwa nyundo lifunguliwe,
Maji nayo, nikajua, lazima yapasuliwe,
Meno yangu yakaapa kuwa leo yamefunga.

Akauliza sababu, kwa nini basi nakana,
Nikatafuta jawabu, nikakosa la maana,
Ila, daraja karibu, mto ukitulizana,
Jua likichungulia, theluji huona haya.

Sikumwambia Ligaya, nikaingia kukanda,
Nyonga bado inagwaya, domo nalo lina donda,
Kesho imetajwa mbaya, na bado nitaipanda,
Kufuli nitalilaza kitandani, kama mume.